Kong: Hayawani Aliyefinyangwa kwa Mikono

Katika nchi hii ya chai, kuanzia Kericho kushuka Litein na Kapkatet hata kufikia Sotik, ambako mvua ya alasiri huwarudisha watu majumbani mapema na jioni ikawa ndefu kando ya moto, wazee wamekuwa tangu kale wakiwasimulia watoto habari za Chemosit, zimwi ambalo A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichopigwa chapa mwaka 1909, alilieleza kuwa ni nusu mtu na nusu ndege, lenye mguu mmoja na makalio tisa, na kinywa chekundu kimulikacho usiku mithili ya taa. Wazungu waliokuja kukaa katika nyanda hizi mwanzoni mwa karne ya 20 walizisikia hadithi hizo, wakazichanganya na vivuli walivyoviona vichakani wakati wa machweo, wakamzua mnyama waliyemwita dubu wa Nandi. Na ijapokuwa nchi za kusini ya Sahara hazina dubu hata mmoja, C. W. Hobley, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, alizikusanya kauli za walioshikilia kwamba wamemwona, akaziandika katika jarida la elimu ya viumbe. Mnyama huyo hakupatikana, si hai wala mzoga, na wataalamu wengi wamekata shauri kwamba aliyeonekana alikuwa fisi, au nyegere, au nyani mkubwa aliyekuzwa na giza.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu njia ile ile, yaani safari ya hofu kutoka kinywani mwa msafiri mpaka machoni pa watu wasiopata kufika alikofika, ndiyo iliyomleta duniani Kong, hayawani mashuhuri kuliko wote waliopata kuonekana katika sinema, ambaye filamu yake, *King Kong*, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 2 Machi 1933. Asili yake ni gorila, na gorila si mgeni kwetu: miongoni mwa makao yake ni misitu ya Kongo ya mashariki, Rwanda na Uganda, magharibi ya Ziwa Viktoria, si mbali sana na vilima vyetu.

Aliyeibuni filamu hiyo, Merian C. Cooper, Mmarekani aliyezaliwa Florida mwaka 1893 na kuwa rubani wa vita kabla ya kuwa mtu wa sinema, alipewa utotoni kitabu cha Paul Du Chaillu kilichotoka mwaka 1861, ambamo msafiri huyo aliyezunguka misitu ya Gabon aliwaeleza gorila kuwa ni viumbe wakatili mno, kana kwamba ni mashetani yaliyovaa manyoya. Kitabu kile kilimkaa moyoni mtoto yule asikisahau hata alipokuwa mtu mzima. Na alipokuja Afrika pamoja na mwenziwe Ernest B. Schoedsack kupiga picha za filamu *The Four Feathers*, iliyotoka mwaka 1929, aliwatazama nyani kwa karibu, na shauku yake ya zamani ikaamka upya. Tena alikuwa na rafiki, W. Douglas Burden, ambaye mwaka 1926 alikwenda kisiwa cha Komodo akarudi New York na mijusi wawili wakubwa walio hai, nao wasiishi muda mrefu katika bustani ya wanyama. Habari ya kiumbe adhimu aliyetolewa kisiwani kwake akafia katika mji wa mawe na chuma ilimwingia Cooper, akaiweka pamoja na gorila wa utotoni mwake, na hapo kisa chote kikawa kimetungika.

Kusudi lake la kwanza lilikuwa kuja Afrika na kumpiga picha gorila wa kweli, lakini hizo zilikuwa siku za mdororo mkuu wa uchumi, wala hapakuwa na kampuni iliyokuwa tayari kutoa fedha kwa safari ya namna hiyo. Mwaka 1931 David O. Selznick alimwita katika kampuni ya RKO huko Hollywood ili ampe rai juu ya filamu zipi ziendelee na zipi zisimamishwe, na mojawapo ya zile alizoshauri zisimamishwe ilikuwa ya fundi mmoja, Willis O'Brien, aliyekuwa akitengeneza wanyama wa zama za kale kwa vinyago vidogo. Filamu ikafa, bali fundi akabaki. Kwa maana Cooper alitambua papo hapo kwamba mikono ya mtu huyu ingeweza kumpatia gorila wake bila ya kuvuka bahari.

Na hapa ndipo penye ajabu yenyewe, wala sioni vibaya kukaa hapa kitambo. Kong aliyewafadhaisha maelfu ya watu alikuwa kinyago cha kimo cha inchi 18 hivi, yaani chini ya nusu mita. Marcel Delgado, kijana fundi aliyekuwa mkono wa kuume wa O'Brien, alimwundia mifupa ya chuma yenye viungo vinavyozunguka na kukaa palepale vilipoachwa, akamjazia misuli ya mpira na pamba iliyoweza kunyooka na kukunjika, kisha akamvika ngozi ya sungura yenye manyoya. Kinyago husimamishwa mbele ya kamera, hupigwa picha moja. Fundi husogea, akausukuma mkono wa kinyago kwa unywele tu, akarudi nyuma, ikapigwa picha ya pili. Na kwa kuwa sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde moja, ngumi moja ya Kong ilikuwa kazi ya saa nyingi, na inasimuliwa kwamba pambano lake na mjusi mkubwa wa kale lilichukua wiki saba. Ndivyo mchumaji wa chai naye ajazavyo kikapu chake, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hata jioni ikaonekana kazi ya siku. Katika utaratibu huo lisingeweza kuvumiliwa kosa hata moja, kwani taa ikififia katikati, au jani la mmea halisi likinyauka, yote yaliyotangulia hupotea. Na hukumbukwa jinsi ua dogo lililopandwa katika msitu wa bandia lilivyochanua polepole mbele ya kamera pasipo mtu kuliona, mpaka filamu ilipooshwa na kazi yote ya siku ile ikawa bure.

Wapo wanaocheka wakiona manyoya ya Kong yakitikisika ovyo mgongoni mwake, ilhali hizo ni alama za vidole vya fundi, zilizobaki kila alipomgusa. Mimi sizioni kuwa aibu. Nyuma ya kinyago hicho kulikuwa na michoro ya Mario Larrinaga na Byron Crabbe iliyopakwa juu ya vioo na kupangwa safu mbele ya safu, ili msitu wa mezani upate kina na ukungu wa msitu wa kweli, nao walifuata michoro ya Mfaransa Gustave Doré. Na palipohitajika mtu na hayawani waonekane pamoja, picha ya mmoja ilitupwa kwa mwanga juu ya pazia lililo nyuma ya mwenziwe, jambo lililokuwa likijaribiwa kwa taabu kubwa katika siku zile. Kwa matukio ya karibu kilijengwa kichwa kikubwa cha kupita kimo cha mtu, kilichofunikwa ngozi za dubu, na ndani yake watu watatu wakiyaendesha macho na midomo. Ukajengwa na mkono mmoja mkubwa, ambamo mwigizaji Fay Wray aliinuliwa juu hewani, na kila alipojitikisa ili aonekane anajitetea vidole vile vililegea kidogo, hata khofu tunayoiona usoni mwake isiwe ya kuigiza yote.

Sauti nayo ilifinyangwa. Murray Spivack alinasa ngurumo za simba na za chui milia, akazipunguza kasi na kuzirudisha kinyumenyume, akazichanganya mpaka ikatoka sauti isiyo ya mnyama yeyote aliyeumbwa. Na Max Steiner, ambaye wakubwa wa kampuni walitaka atumie muziki wa zamani uliokwisha lipiwa, aliruhusiwa kutunga mpya baada ya Cooper kuahidi kuzibeba gharama mwenyewe. Kuhusu maandishi ya kisa nitasema machache: mwandishi Mwingereza Edgar Wallace alianza, akafariki Februari 1932 kazi ikiwa mbichi, na aliyeimalizia na kuipa maneno yake mafupi yenye kukata ni Ruth Rose, mkewe Schoedsack.

Filamu ilipokuwa tayari ilifunguliwa katika majumba mawili ya sinema ya New York kwa pamoja, yenye viti zaidi ya 9,000, wiki ile ile ambayo mabenki ya Marekani yalikuwa yakifunga milango, na juu ya dhiki hiyo watu walifurika. Katika tukio la mwisho, Kong akiwa juu ya jengo la Empire State, lililokuwa na umri wa miaka miwili tu, ndege zinamshambulia kwa risasi. Na wale wawili wanaoonekana ndani ya ndege mojawapo, rubani na mpiga bunduki, ni Cooper na Schoedsack wenyewe.

Baada ya kuusifu ustadi huo kwa moyo wangu wote, sina budi kusema na upande wa pili. Kisiwa cha Kong kimewekwa magharibi ya Sumatra, yaani katika bahari ile ile ipigayo mawimbi Lamu na Mombasa, ambayo mabaharia wa pwani yetu na wa Arabuni na Bara Hindi waliijua kwa karne nyingi. Lakini watu wa kisiwa hicho wamechorwa kuwa weusi wasio na akili ila kupiga ngoma na kutoa kafara, na Wamarekani weusi ndio walioajiriwa kuvaa sura hiyo. Dhana hiyo ilikuwa na nguvu mbali ya Hollywood: katika Kenya ya ukoloni wakaguzi wa sinema walikuwa na mamlaka ya kuiruhusu filamu kwa Wazungu na kuikataza kwa Waafrika, kana kwamba macho yetu hayakuweza kupambanua hikaya na kweli, sisi tuliolelewa na Chemosit.

Na gorila mwenyewe alisingiziwa zaidi. Njia ya gorila wa milimani kuingia katika vitabu vya elimu ilianza mwaka 1902, pale Kapteni Robert von Beringe, mwanajeshi wa Kijerumani, alipowapiga risasi gorila wawili katika mlima Sabinyo. Mwaka 1921 Carl Akeley, fundi wa makumbusho ya New York, alikuja Kongo, na msafara wake ukaua watano kwa ajili ya maonyesho, lakini kuwatazama kulimgeuza nia, akatetea wahifadhiwe, na mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akatangaza hifadhi ya milima ya Virunga. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafa na kuzikwa pale Kabara, ubavuni mwa mlima Mikeno. Hayo yote yalikuwa yamekwisha andikwa kabla Kong hajafinyangwa. George Schaller, mtaalamu wa wanyama, alipokwenda Kabara mwaka 1959, akiwakaribia gorila bila ya silaha, aliwakuta wakila majani, mashina na machipukizi ya mianzi, wakitandika vitanda vya matawi kila jioni, na dume akijipiga kifua zaidi kwa kuonya kuliko kwa kushambulia. Na mtafiti Dian Fossey, aliyeanza kazi mahali hapo hapo mwaka 1967, aliyathibitisha hayo kwa miaka mingi. Aliyekuwa hatarini alikuwa gorila, kwa mitego, vita na kufyekwa kwa misitu, hata katika milima ya Virunga wakabaki kama 250 tu mnamo mwaka 1981. Tangu hapo, kwa kazi ya walinzi wa Kongo, Rwanda na Uganda, ambao wengi wao wameuawa wakiwa kazini, hesabu ya gorila wa milimani imepita 1,000, na mwaka 2018 shirika la uhifadhi la IUCN likawashusha kutoka daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka na kuwaweka katika lile linalofuata.