Mabaki ya Wageni wa Kale: Kwa Nini Yatafutwe Mwezini?

Wataalamu wengi wanaotafuta viumbe wenye akili katika nyota nyingine hutega mawimbi ya redio. Lakini mawimbi hupita, ilhali kazi ya mikono huweza kubaki. Je, kama chombo cha wageni kilitua pande hizi miaka milioni 100 iliyopita, mabaki yake yangekuwa wapi leo?

Duniani yangekwisha kupotea. Mvua na upepo humomonyoa miamba, mito hufukia, na sakafu ya bahari huzama polepole tumboni mwa dunia. Mwezi hauna hewa wala mvua. Hukwanguliwa na vimondo vidogo tu, takribani milimita 1 kwa miaka milioni 1. Yaani sentimita 10 kwa muda wote huo!

Mwaka 2009 Marekani ilirusha chombo LRO kiuzunguke Mwezi. Nukta moja ya picha zake bora ni kama nusu mita, na vyombo vya Apollo vilivyoachwa huko huonekana dhahiri. Mwaka 2013 Paul Davies na Robert Wagner walipendekeza picha hizo zichunguzwe, kwani gharama ni ndogo: zimekwisha pigwa.

Tahadhari ni lazima. Mwaka 1976 Viking 1 ilipiga picha ya kilima cha Mirihi kilichofanana na uso wa mtu, na porojo zikaenea mno. Picha safi za 2001 zilionyesha kilima cha kawaida. “Uso” ulikuwa vivuli.

Kitu kilichofukiwa, au kidogo kuliko dawati, picha za LRO haziwezi kukifichua. Hadi sasa hakuna kipande chochote kilichothibitishwa.