Aliyekopa Ndiye Aliyelipa

Wapo jamaa zetu wa Unguja na Pemba wanaoishi na kufanya kazi Marekani, na watoto wao wamefikia umri wa kuingia vyuo vikuu. Huko mzazi hutoa alichonacho, na karo inayobaki mwanafunzi huikopa. Kila ufikapo msimu wa kupeleka hesabu za kodi, swali moja huwasumbua: je, mtu aliyelipa karo kwa fedha ya mkopo anaweza kudai nafuu ya kodi ya elimu, ilhali hajatoa bado hata senti moja mfukoni mwake? Sheria ya huko inajibu kwamba anaweza. Tunaona ni wajibu wetu kulieleza jibu hilo, kwa faida ya wananchi wenye jamaa huko, na kwa faida ya viongozi wetu wenye dhamana ya mikopo ya elimu hapa Visiwani.

Sisi tumekulia katika matunda ya siasa ya elimu bila malipo, iliyotangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba, 1964. Kwa hiyo si ajabu mwananchi wetu akiuona utaratibu wa Marekani kuwa mgeni. Huko, tangu sheria ya mwaka 1997, dola humsaidia mlipa karo kwa njia ya kodi. Baada ya mtu kupigiwa hesabu ya kodi anayodaiwa, hupunguziwa sehemu ya kodi hiyo kwa sababu amelipia elimu ya juu. Nafuu hiyo haipunguzi tu kipato kinachotozwa kodi. Huingia katika kodi yenyewe, dola kwa dola.

Nafuu zenyewe ni mbili. Ya kwanza huitwa American Opportunity, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kufanywa ya kudumu mwaka 2015. Hii ni ya miaka minne ya mwanzo ya elimu ya juu, kwa mwanafunzi anayetafuta shahada au cheti na anayesoma angalau nusu ya masomo ya kawaida. Humrudishia mlipaji dola 2,000 za mwanzo zote, na robo ya dola 2,000 zinazofuata, hata ikafika dola 2,500 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Asilimia 40 ya nafuu hiyo, isiyozidi dola 1,000, yaweza kulipwa taslimu hata kwa asiyedaiwa kodi yoyote. Ya pili huitwa Lifetime Learning. Hiyo ni asilimia 20 ya gharama zisizozidi dola 10,000, yaani dola 2,000 kwa kaya, wala haina ukomo wa miaka. Mwanafunzi mmoja hadaiwi nafuu zote mbili katika mwaka mmoja. Tena zote mbili huanza kupungua kipato cha mtu asiye na ndoa kinapovuka dola 80,000, au cha mume na mke wanaopeleka hesabu pamoja kinapovuka dola 160,000.

Sasa tuje kwenye mkopo. Idara ya Mapato ya Marekani hulihesabu deni la elimu kuwa ni fedha ya mkopaji mwenyewe. Nasi tuliosoma chuoni jambo hili si geni kwetu. Tulifundishwa kwamba mkopo ukishapokewa huwa mali ya aliyeupokea, na dhima ya kuulipa iko shingoni mwake. Kwa hiyo karo iliyolipwa kwa mkopo imelipwa na mkopaji, hata kama benki au Serikali iliipeleka fedha moja kwa moja chuoni.

Palipo na makosa mengi ni katika kuchagua mwaka. Nafuu hudaiwa kwa mwaka ambao karo ililipwa, wala si mwaka ambao deni linarejeshwa. Fedha ikipelekwa chuoni moja kwa moja, siku ya malipo ni ile ambayo chuo kiliiingiza katika hesabu ya mwanafunzi. Mkopo ulioingia Disemba 2024 kwa ajili ya muhula ulioanza Januari 2025, ni wa hesabu za 2024. Mtu aliyesubiri mpaka aanze kulipa deni ndipo adai nafuu, atakuta wakati umepita. Hesabu zilizokwisha pelekwa zaweza kusahihishwa, lakini kwa kawaida ndani ya miaka 3 tu. Wakati wa kurejesha deni, kinachobaki ni unafuu mwingine mbali: riba anayoilipa mkopaji, isiyozidi dola 2,500 kwa mwaka, yaweza kuondolewa katika kipato kinachotozwa kodi, kwa wale wenye kipato kisichovuka kiwango kilichowekwa.

Isichanganywe mikopo na misaada. Msaada wa masomo usiotozwa kodi hauna wa kuurejesha, na kwa hiyo hupunguza gharama zinazodaiwa. Tuchukue mfano wa karo ya dola 10,000, ambayo dola 7,000 zimelipwa kwa msaada na dola 3,000 kwa mkopo. Gharama inayohesabiwa ni dola 3,000. Kwa nafuu ya kwanza, mlipaji atapata dola 2,000, na robo ya dola 1,000 iliyobaki, yaani jumla dola 2,250. Aliyeidharau haki hiyo kwa kudhani kwamba fedha ya mkopo si yake, ameacha dola 2,250 ziende, ilhali deni la dola 3,000 bado linamngoja. Lakini mkopo uliotumika kwa chakula, malazi au nauli hauhesabiwi.

Kuhusu nani adai, ikiwa mzazi amemwandika mtoto kuwa tegemezi wake, basi mzazi ndiye mwenye nafuu, hata kama mkopo ni wa jina la mtoto. Kijana aliyekwenda kwa viza ya masomo, kwa kawaida huhesabiwa mgeni asiye mkaazi kwa miaka 5 ya mwanzo, na mgeni wa namna hiyo aghalabu hana haki hii. Aidha, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2025, kuanzia hesabu za 2026 mdai na mwanafunzi wanatakiwa wawe na namba za Hifadhi ya Jamii. Tunawaasa jamaa zetu wasidai kisicho chao. Adhabu ya uzembe katika nafuu ya American Opportunity ni kuzuiwa miaka 2, na ya udanganyifu ni miaka 10.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chuo hutoa Fomu 1098-T kila mwanzo wa mwaka, na mdai hujaza Fomu 8863. Mtu aziweke, pamoja na hati ya chuo inayoonyesha tarehe ya kila malipo na stakabadhi za vitabu.

Kwa viongozi wetu tuna neno. Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na Bara ina yake. Mwaka 2021 Serikali ya Muungano iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, jambo lililowapunguzia wakopaji mzigo. Hatusemi kwamba sheria za Marekani ziletwe hapa kama zilivyo. Nchi ile imeacha karo ipande mpaka kijana wa mnyonge hana njia ila deni, na huo si mfano wa kuigwa. Tunalosema ni kwamba mkopaji atambuliwe kuwa ndiye mlipaji. Karo haikulipwa kwa hisani. Atailipa yeye, kutoka katika mshahara wake, mwezi baada ya mwezi. Anastahili kupewa kila mwaka, kwa Kiswahili fasaha, hesabu ya kilicholipwa chuoni, siku kilipolipwa, na haki zinazofuatana na deni lake.

Dawa ya deni ni kulipa, na vijana wetu wanalijua hilo. Wenye ofisi nao wana deni la kuwaeleza vijana hao haki zao, nalo pia lilipwe kwa wakati.