Je, Wajua? Tanga Iliigeuza Taarab Kabla ya Singeli

Ma-DJ wa Dar es Salaam huchukua vipande vya taarab, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika; hiyo ndiyo singeli. Lakini kuivunja taarab na kuiunda upya kulianza mapema zaidi. Kufikia miaka ya 1970, bendi za Black Star na Lucky Star za Tanga zilikuwa zimepunguza fidla za Zanzibar na kuingiza gitaa la umeme, besi na ngoma za kuchezeka, Shakila Said akiimba.

Utasema singeli ni mali ya Manzese na Tandale, mitaa ya Dar es Salaam. Kweli, na Tanga haidai hatimiliki. Ila taarab inayokatwa leo ni ile ya umeme, si ya okestra; na njia hiyo Tanga iliipita mapema.