Fuwairit: Pwani Inayofungwa kwa Ajili ya Ng'amba

Wasomaji wa Muscat na Sur wanaifahamu Ras al-Jinz, ambako kasa hupanda pwani usiku kutaga. Wachache wanajua kuwa huku Qatar nako tunayo pwani ya namna hiyo, na anayetaga huku ni ng'amba, yule ambaye wazee wetu walichonga vitana kwa gamba lake. Biashara hiyo ni ya kale mno. Mgiriki aliyeandika habari za bandari za Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza alilitaja gamba la kasa, pamoja na pembe za ndovu, kuwa bidhaa ya Rhapta, bandari ya upande wetu wa Afrika.

Pwani yenyewe yaitwa Fuwairit, kaskazini-mashariki ya nchi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Doha. Mimi hukaa Fereej Bin Mahmoud kwa mwanangu, baina ya majumba ya ghorofa na honi za magari, na bahari niliyoizoea ni ya Corniche, iliyojengewa ukuta. Februari wajukuu walinichukua Fuwairit kwa mara ya kwanza. Tulishika barabara ya Al Shamal alfajiri, na jua lilipochomoza tulikuwa tumesimama juu ya mchanga mweupe, mrefu, hauna duka wala kibanda. Maji yalikuwa yamekupwa, safi hata kaa uliwaona wakikimbia chini yake. Nilivua viatu. Tangu niondoke Pemba sikuwahi kuona pwani iliyotulia vile.

Kilichonikera ni alama za magurudumu, tena juu kabisa, maji yasikofika, na makaa ya watu waliochoma mishikaki. Huko juu ndiko ng'amba anakotaga.

Jike hupanda usiku, akafukua shimo kwa miguu ya nyuma, akataga mayai kama 70 au 80, akayafukia na kurudi baharini. Hayaatamii. Joto la mchanga ndilo linaloyalea kwa muda wa miezi miwili hivi, na ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi kidogo hutoa madume. Gari likipita juu, mchanga hushindiliwa na watoto hushindwa kutoka. Wakitoka, huenda palipo na mwanga zaidi, na kwa maumbile yao mwanga huo ni wa bahari. Washa taa au moto nyuma yao, watakugeukia wewe, na wengi watakufa kabla ya kuyagusa maji.

Kwa sababu hiyo Wizara ya Mazingira huifunga pwani ya Fuwairit kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Aprili mpaka Julai inapomalizika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Qatar hufuatilia viota, na vilivyo hatarini huhamishwa mahali penye ulinzi. Biashara ya gamba baina ya nchi na nchi imekatazwa tangu 1977, lakini ng'amba bado yumo katika orodha ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka duniani.

Nasikia baadhi ya jamaa zetu wakinung'unika kuwa wanafungiwa pwani wakati watoto wana likizo. Nawakumbusha Misali. Kisiwa kile cha Pemba kilifanywa hifadhi mwaka 1998, na masheikh wakawaeleza wavuvi kwa aya za Qurani kuwa binadamu amekabidhiwa bahari kama amana. Wavuvi wale samaki ndio riziki yao, na walielewa. Sisi tunaokwenda kupunga upepo tuna udhuru gani?

Basi nendeni baina ya Novemba na Machi. Gari liacheni mbali na mchanga, moto msiwashe, taka rudini nazo. Na anayetaka kutembea miezi ile pwani ikiwa imefungwa, aende asubuhi mapema Al Jassasiya, karibu na hapo, akaone michoro ipatayo 900 iliyochongwa katika majabali: majahazi yenye makasia yake, na safu za vishimo. Mjukuu wangu alipoviona vishimo alisema ni bao. Bao letu lina safu 4 za mashimo 8, na hivi vingi ni safu 2 za vishimo 7. Wataalamu wenyewe wamegawanyika: wako wanaosema ni mchezo, wako wanaosema ni hesabu. Mimi niko upande wa mjukuu.