Kupanda Matango Nyumbani: Usiing'oe Mimea Maua Yaangukapo

Mara nyingi mkulima hupanda matango karibu na nyumba yake, akayaona yakitambaa vizuri na kutoa maua mengi ya manjano. Kisha maua yale huanguka bila ya kuzaa. Hapo hudhani kwamba mbegu zake ni mbovu, akaing'oa mimea yote. Kufanya hivyo ni hasara, kwa kuwa mimea ile haikuwa na kosa.

Panda mvua kubwa zikipungua, mahali penye jua la kutwa. Chimba mashimo ya kina cha futi 1, yaachane futi 3, ukachanganye udongo na samadi iliyooza sana. Katika kila shimo tia mbegu 4, kina cha inchi 1. Kwenye joto huota katika muda wa juma moja. Bakiza miche 2 iliyo bora. Mingine ikate kwa kisu, usiing'oe, usije ukaitikisa mizizi ya jirani zake. Simamisha fito ipande juu yake, matunda yasioze chini. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Majani yakilala na maji huingiwa na ukungu.

Sasa tazama maua. Yatokayo kwanza ni ya kiume, nayo hayazai kamwe. Huanguka kwa desturi yake. Ya kike hufuata baada ya siku kadhaa, nawe utayajua kwa kuwa nyuma ya kila ua pana kitango kidogo sana. Kitango hicho hakikui vema mpaka nyuki wachukue unga wa ua la kiume na kuufikisha katika ua la kike. Kwa hiyo usinyunyizie dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Ikiwa nyuki ni wachache, chuma ua la kiume asubuhi, uliondoe majani yake ya manjano, ukaliguse taratibu katikati ya ua la kike.

Baada ya siku 50 hadi 60 tangu kupanda utaanza kuchuma. Chuma kila baada ya siku 2, matango yangali mabichi. Ukiliacha moja likomae, mmea hutumia nguvu zake katika mbegu, na uzazi hupungua.

Mwisho wa msimu acha tango moja katika mmea ulio bora mpaka liwe manjano kabisa. Toa mbegu, ziweke katika bakuli lenye maji kidogo kwa siku 2 ili utelezi utoke. Zinazozama ndizo nzuri: zioshe, zikaushe kivulini, uzitunze mahali pakavu. Lakini mbegu chotara za dukani usizirudie hivyo, maana watoto wake hawafanani na mama. Mbegu za asili ulizozitunza mwenyewe zitakutosha msimu ujao bila ya kununua.