Mwongozo wa Mfumo wa Takwimu za Afya Unavyotengenezwa

Idadi ya watoto wanaochanjwa, iwe Msata au katika kata jirani, huandikwa kwanza katika vitabu vya MTUHA, kisha huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mfumo huo hutolewa matoleo mapya mara kwa mara. Kitufe kilichokuwa huku jana, leo kiko kwingine. Mtumishi anayefuata mwongozo wa zamani aweza kujaza tarakimu pasipo pake, na kata ikaonekana imechanja watoto wachache kuliko waliochanjwa kweli, makadirio ya chanjo yakapotoka.

Kwa sababu hiyo mwongozo wake haupangwi upya kwa mkono. Maelezo huandikwa kwa maandishi ya kawaida na kuhifadhiwa kwa matoleo, kama programu yenyewe. Kisha programu nyingine, MkDocs, huyageuza kurasa zenye yaliyomo, viungo na sehemu ya kutafutia. Kosa hurekebishwa mara moja, kurasa zikazalishwa upya. Kuandika, hata hivyo, kungali kazi ya mtu: chombo hakiwezi kueleza ambalo hakuna aliyeliandika. Mtumishi na ahakikishe kwanza kwamba namba ya toleo la mwongozo inalingana na ya mfumo anaoutumia.