MBUZI AKIUGUA GHAFLA, TUANGALIE NA WATOTO

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuongee juu ya sumu isiyo na harufu: risasi. Tukisikia neno hilo wengi wetu tunafikiria bunduki, na kweli risasi za bunduki hutengenezwa kwa madini hayo. Lakini yamo pia ndani ya betri za gari, hizi tunazotumia kuchajia simu na kuwashia redio, na kwenye rangi nyingi za zamani.

Betri mbovu ikipasuka ikatupwa jalalani, ng'ombe na mbuzi huilamba. Ndama ndio huumia zaidi. Mnyama anaacha kula, anasaga meno, anatetemeka, anazunguka ovyo na kugonga vitu kama kipofu. Watu watasema amerogwa, kumbe amekula sumu.

Je, asiye na mifugo inamhusu nini? Tuangalie jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010. Wanavijiji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu karibu na nyumba zao, na mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi likajaa uani. Bata walikufa kwanza. Baadaye wakafa watoto zaidi ya 400, wengi wao chini ya miaka mitano. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Bata wale ndio walikuwa mawingu.

Tena sumu hii haiozi. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini mpaka leo imo udongoni. Kuku na ng'ombe wa huko wamepimwa wakakutwa nayo kwenye maini na figo.

Basi tufanyeje?

1. Betri mbovu tusiipasue, tusiichome, wala tusimwage maji yake. Tuiweke mbali na watoto na mifugo, tumuulize kiongozi wa bloku ipelekwe wapi.

2. Mnyama akionyesha dalili hizo, tumtoe mahali pale na kumwita bwana mifugo haraka. Tusimshike mdomoni kwa mikono mitupu, maana kichaa cha mbwa nacho hufanana hivyo.

3. Akifa, nyama isiliwe. Akiwa mgonjwa, maziwa yake yasinywewe. Kuchemsha kunaua vijidudu, risasi inabaki palepale.

4. Mtoto aliyechezea betri, au anayeumwa tumbo mara kwa mara na kudhoofika, apelekwe zahanati. Mganga aambiwe wazi habari ya betri.

Tunajua kumfukia mbuzi inauma. Mbuzi mmoja ni madaftari, ni sabuni, na kwenye mgao nyama hamna. Lakini mbuzi hununuliwa mwingine. Akili ya mtoto ikishaharibiwa na risasi, hakuna dawa ya kuirudisha.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane mwezi ujao.